Je, Aliyeugua Amekosa? Maneno juu ya Saratani ya Matiti na Wajibu wa Kujikinga

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo ambalo katika vijiji vyetu husemwa kwa sauti ya chini, nalo ni saratani ya matiti. Hatuandiki ili kuwatia watu hofu, wala hatutaki kuishika kazi ya matabibu. Lakini ndani ya jambo hili mna swali la haki na la upendo, ambalo tabibu hawezi kulijibu kwa dawa. Swali lenyewe ndilo hili: Ikiwa mwenendo wa mtu waweza kupunguza hatari ya ugonjwa, je, yule aliyeugua amekosa?

Zamani, na mahali pengine hata leo, mtu akiugua watu huuliza: Ni nani aliyemroga? Swali hilo hutafuta mkosaji nje ya mgonjwa. Humtafuta katika jirani, au katika mke mwenza, au katika bibi kizee asiye na mtu wa kumtetea. Siku hizi wako watu waliosoma, wanaocheka swali hilo, nao huuliza lingine: Alifanya nini hata akaupata ugonjwa huu? Hao humtafuta mkosaji ndani ya mgonjwa mwenyewe. Maneno yamegeuka, lakini moyo wa maswali yote mawili ni mmoja, maana yote mawili yataka apatikane mtu wa kushtakiwa. Basi na tupime kama elimu ya siku hizi yatupa ruhusa ya kushtaki namna hiyo.

Kwanza tuseme ugonjwa wenyewe ni nini. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kila siku chembe huzaa chembe, nazo hufanya hivyo kwa utaratibu. Pengine chembe moja huupoteza utaratibu huo, ikazaa pasipo kiasi, hata ukatokea uvimbe. Usipotibiwa, chembe hizo huweza kusafiri mwilini na kufanya maskani katika mifupa, katika ini, au katika mapafu. Ugonjwa huu hauambukizi. Hakuna aliyeupata kwa kula chungu kimoja na mgonjwa wala kwa kumwogesha. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 walionekana kuwa nao, na watu 670,000 walikufa kwa ajili yake. Katika Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo ya kwanza kwa wanawake, na hii ya matiti huifuata. Wanaume nao huweza kuipata, ila ni wachache sana, hawazidi mmoja katika wagonjwa 100.

Sasa, ni mambo gani yanayopunguza hatari? Mwaka 1926 tabibu mmoja wa Uingereza, bibi Janet Lane-Claypon, alitoa taarifa juu ya wanawake 500 waliokuwa na saratani ya matiti na wengine 500 wasiokuwa nayo. Aliwalinganisha katika mambo ya ndoa, ya uzazi na ya kunyonyesha, akaona kwamba waliougua walikuwa wamezaa watoto wachache kuliko wenzao. Baada ya miaka mingi, mwaka 2002, wataalamu walikusanya taarifa 47 za namna hiyo kutoka nchi 30. Wakaona kwamba kila miezi 12 ambayo mwanamke amenyonyesha hupunguza hatari kwa kadiri ya 4 katika 100, na kila uzazi huipunguza tena kwa 7 katika 100. Basi desturi ya bibi zetu ya kumnyonyesha mtoto hata atimize miaka miwili ilimfaa mtoto, nayo ilimfaa mama pia, ijapokuwa wao hawakujua faida hiyo ya pili.

La pili ni kileo. Kiasi cha gramu 10 za kileo kwa siku, ambacho ni pungufu ya kile kilichomo ndani ya chupa moja ndogo ya bia, huongeza hatari kwa kadiri ya 7 katika 100, na anayezidisha kunywa huizidisha hatari. Wala haidhuru kama kileo hicho kimetoka kiwandani au kimepikwa nyumbani. La tatu ni unene wa kupita kiasi, hasa kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi. La nne ni kukaa pasipo kuutumia mwili. Maana mwili unaotembea na kufanya kazi hupata kinga ambayo mwili wa kukaa tu hauipati.

Lakini yako pia mambo ambayo mtu hawezi kuyabadili. Umri ni mmojawapo, maana hatari huongezeka kadiri miaka inavyoongezeka. Tena iko asili ya ukoo. Mwaka 1994 na mwaka 1995 wataalamu walizitambua jeni mbili ambazo, zikiwa na kasoro, humwachia binti hatari kubwa kutoka kwa mama yake au kwa baba yake. Katika wagonjwa 100, kama 5 hata 10 wameupata ugonjwa kwa njia ya urithi. Na yako maneno ya uvumi tu, kama wasemavyo wengine kwamba saratani huletwa na fedha ambazo mwanamke huzificha kifuani. Hayo hayana msingi, wala haifai kuyafundisha.

Basi hapa yatupasa kulielewa vema neno hili, kupunguza hatari, maana wengi hulielewa vibaya. Na sisi tunaokaa katika nchi ya Tabora tunao mfano wa kutusaidia. Wazee wetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa njia kuu ya misafara, iliyotoka pwani ikafika Unyanyembe na kuendelea hata Ujiji. Kati ya Ugogo na Unyamwezi walivuka nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali. Mzungu Burton, aliyefika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, aliivuka nyika hiyo na kuandika habari zake. Kiongozi mwenye akili hakuingia humo pasipo kuwaagiza watu wake wajaze vibuyu maji.

Tuseme wapagazi 100 waliingia katika Mgunda Mkali na vibuyu vilivyojaa, na wengine 100 waliingia na vibuyu vitupu. Hapana shaka waliovuka salama walikuwa wengi zaidi katika kundi la kwanza. Lakini hata katika kundi hilo wako walioanguka njiani, kwa homa, au kwa kuumwa na nyoka, au kwa uzito wa mzigo. Na katika kundi la pili wako waliovuka salama, kwa sababu mvua ilinyesha, au kwa sababu mwenzao aliwapa kinywaji. Je, tukiona kaburi kando ya njia, twaweza kusema kwamba huyu alikataa kujaza kibuyu chake? Hatuwezi. Na tukimwona mtu amefika Tabora na kibuyu kitupu, je, tutasema kwamba maji hayana kazi? Hatuwezi kusema hivyo pia.

Ndivyo ilivyo habari ya ugonjwa huu. Faida ya kujikinga huonekana tukiwahesabu wengi. Haionekani katika mtu mmoja. Mwanamke aliyenyonyesha watoto sita na asiyeonja pombe maisha yake yote huweza kuugua. Mwingine aliyefanya kinyume huweza kuzeeka pasipo uvimbe wowote. Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba karibu nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake ambao, wakichunguzwa, haionekani kwao sababu yoyote, ila kwamba ni wanawake na wamepita umri wa miaka 40. Tena limesema kwamba hata kama mambo yote yanayoweza kubadilishwa yangebadilishwa, hatari ingepungua kwa 30 katika 100, wala si zaidi. Maana yake ni kwamba anayemwambia mgonjwa, Umejiletea mwenyewe, asema neno asilolijua. Hata tabibu aliyesoma miaka mingi hawezi kusema ni kwa nini huyu ameugua na jirani yake hakuugua.

Na uko ushahidi mwingine wa zamani, unaotufundisha sana. Mwanzoni mwa karne ya 18, tabibu Bernardino Ramazzini wa Italia, aliyeandika kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali, alisema kwamba saratani ya matiti ilionekana sana kwa watawa wa kike. Leo twaweza kuieleza sababu yake, maana hawakuzaa wala hawakunyonyesha. Lakini ni nani atakayesema kwamba watawa wale walikosa? Waliishika ahadi waliyoiweka, na katika kuishika hatari yao iliongezeka. Vivyo hivyo mwanamke ambaye hakuolewa, au aliyeolewa asijaliwe mtoto, au aliyefiwa na watoto wake kabla hawajanyonya mwaka mzima. Hatari yake ni kubwa kidogo kuliko ya wenzake, na kosa hana. Hatari ni hesabu, wala haina kazi ya kumpima mtu wema wake. Wanafunzi wa Bwana walipouliza juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, kwamba ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, hawakukubaliwa swali lao. Nasi tusilirudishe kwa mlango wa nyuma kwa kuliita elimu ya afya.

Huenda msomaji akasema: Kama ni hivyo, ya nini kuhangaika? Kama mwenye kujikinga huugua na asiyejikinga hupona, na tukae kimya tumwachie Mungu. Twajibu kwamba hilo nalo ni kosa, na ni kosa kubwa. Tukirudia mfano wetu, kiongozi ambaye angesema, Atakayekufa atakufa, na kuwaingiza watu wake nyikani bila maji, tungemhesabu kuwa mtu mbaya, hata kama wote wangevuka salama. Katika wanawake wa kata nzima, hatari ikipungua kidogo kwa kila mmoja, wako baadhi yao watakaobaki na watoto wao, ijapokuwa hatutajua kamwe ni akina nani. Kuwatendea wema watu tusioweza kuwajua ni wema mkubwa, maana hakuna atakayetushukuru.

Kwa hiyo twaona kwamba maneno ya kinga yana wakati wake. Kabla ya ugonjwa ni deni. Yatupasa kuyasema wazi, kwa vijana na kwa wazee, wala tusione haya. Baada ya ugonjwa kutokea, neno lililo lile la jana laweza kuwa jiwe la kumpigia mtu aliyekwisha kuanguka. Kwa mgonjwa latakiwa neno lingine: Twende hospitali, sisi tutakuchukua.

Imebaki swali moja, nalo ni zito: Deni hili ni la nani? Wengi hudhani ni la mwanamke peke yake, kwa kuwa ugonjwa huwa katika mwili wake. Lakini na tuangalie mambo yalivyo Ipole, kusini mwa Sikonge, katika njia itokayo Tabora. Nchi hii ni ya miombo na nyuki. Wanaume hutundika mizinga porini na kuleta asali, na asali nyingine hugeuzwa kuwa wanzuki. Mara nyingi mpishi wa pombe ni mwanamke, naye huipika ili apate ada ya shule na chumvi ya nyumbani. Tukimwambia, Usinywe, naye kila siku huonja pipa ili ajue kama limeiva, na mume wake na wageni wake humkaribisha kata, tumempa amri tu. Hatukumpa njia. Afadhali asali iuzwe ikiwa asali, na nyumba ipate fedha zake kwa njia hiyo. Na shauri hilo ni la mwenye mizinga kwanza.

Tena tuseme habari ya tumbaku. Kazi yake ni ndefu: kuatika miche, kupanda, kupalilia, kuchuma majani, kuyafunga, kuyakausha kwa moto. Mama mwenye mtoto mchanga akitoka alfajiri na kurudi jioni, mtoto akabaki na dada yake wa miaka minane na kikombe cha uji, kunyonyesha hukoma mapema. Si kwamba mama amekataa. Maziwa yamekauka kwa sababu ya kazi. Mume ampunguziaye mke wake kazi katika miezi ile afanya jambo la kinga, hata asipolijua jina lake.

Na jambo kubwa kuliko yote ni safari. Hatari ya kuugua na hatari ya kufa si kitu kimoja, na hii ya pili yaweza kupunguzwa zaidi kuliko ile ya kwanza. Uvimbe ukionekana ungali mdogo, matabibu huweza kuuondoa, pengine bila kuondoa titi lote, na wengi hupona na kuishi miaka mingi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango juu ya ugonjwa huu, wenye makusudi matatu: katika wagonjwa 100, walau 60 waonekane ugonjwa ungali mwanzoni, tangu mgonjwa alipokwenda kuonwa mara ya kwanza mpaka ugonjwa kujulikana kwa hakika zisipite siku 60, na katika wagonjwa 100, walau 80 waimalize dawa yao yote.

Siku 60! Na tuhesabu jinsi zinavyopita kwetu. Siku kadhaa za kungoja mume arudi kutoka mizingani. Majuma mawili ya dawa za mizizi. Mwezi mzima wa kungoja malipo ya tumbaku. Kisha shauri la ukoo: nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto. Kutoka Ipole mgonjwa aenda Sikonge, kisha Tabora, na kutoka huko pengine hupelekwa Bugando kule Mwanza, au Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyofanywa taasisi ya taifa mwaka 1996. Nauli, chakula na mahali pa kulala vyote vyahitaji fedha, na funguo za fedha mara nyingi hazimo mikononi mwa mgonjwa. Basi tukiuliza ni nani aliyechelewa, mara nyingi jibu litakuwa kwamba nyumba nzima imechelewa.

Wala si nauli tu inayochelewesha. Haya huchelewesha zaidi. Huko Sikonge misioni ya Wamoravian ilitunza kwa miaka mingi makao ya wenye ukoma. Watu wa nchi hii wajua jinsi wenye ukoma walivyofichwa, wakahesabiwa kuwa wamelaaniwa, hata vidole vikapotea kabla hawajafikia dawa. Tangu mwaka 1873 Hansen, tabibu wa Norway, alikuwa amekwisha kukitambua kijidudu kinacholeta ukoma, lakini aibu ilikaa katika nyumba za watu muda mrefu baada ya hapo. Tusiiache aibu hiyo ihamie katika ugonjwa huu. Mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini kabla ya kumlaumu mwenye kuficha, tujiulize ni nani aliyemfundisha kuogopa. Mwanamke anayejua kwamba ataambiwa, Umerogwa, au, Umejitakia, hufunga kanga yake kwa nguvu zaidi, akanyamaza.

Kwa hiyo twawaomba waalimu na wazee wa sharika wafanye mambo matatu. Kwanza, wake zao na mabinti waelezwe dalili bila kupindapinda: uvimbe katika titi au kwapani, hasa usiouma, ngozi inayobonyea au kukunjamana kama ganda la chungwa, chuchu inayoingia ndani au kutoa damu, titi moja linalobadilika umbo. Uvimbe mwingi si saratani, lakini hakuna awezaye kujua kwa kubahatisha, wala maumivu si kipimo, maana mwanzoni mara nyingi hakuna maumivu. Aonaye dalili na aende zahanati juma lile lile. Pili, waelezwe wanaume, katika mkutano wao wenyewe, kwamba ruhusa na nauli ni sehemu ya dawa. Tatu, kila usharika uweke akiba kidogo kwa ajili ya safari ya mgonjwa, wala asiombe kwa kujieleza mbele ya watu wengi.

Na mgonjwa akirudi kutoka hospitali, pengine amekatwa titi, pengine nywele zimemtoka kwa nguvu ya dawa, tusimwulize alifanya nini. Tumwulize kama kuni zipo, kama maji yamechotwa, na siku ya kurudi kwa tabibu ni lini. Shamba lake lilimwe pamoja na mashamba ya wenzake. Hapo kijiji kitakuwa kimelipa sehemu yake ya deni hili.

Amani ikae nanyi nyote.